Mwezi wa Alfajiri: Shajara ya Mradi wa Picha kutoka Uani, Kisauni

Agosti 2025, upepo wa kusi

Mradi huu una lengo moja, nalo ni kuupiga picha uso wa mwezi kutoka uani mwa nyumba yetu hapa Kisauni katika kila umri wake, tangu hilali hadi mwezi mpevu na kuteremka mpaka siku za mwisho kabla haujafichama, huku nikiandika kila mara saa, upepo na hali ya anga, ili ijulikane ni wakati gani hewa ya Mombasa inaruhusu picha kali kuliko nyakati nyingine zote. Naandika kwa ajili ya mkazi yeyote wa pwani aliye na darubini au anayejiandaa kununua, kwa sababu maelekezo mengi yanayosomwa yametungwa na watu wanaoishi mbali kaskazini, ambako mwezi, baridi na umande vina tabia nyingine kabisa. Mengi ya maelekezo hayo hayatufai mpaka tuyapime upya hapa kwetu.

La kwanza kulitaja ni neema ya mahali penyewe. Mombasa iko kiasi cha nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mwezi nao hauachani na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, kwa zaidi ya nyuzi 28 na nusu hivi, na hata huko haufiki ila katika miaka michache ya mzunguko wake wa miaka 18.6, kama hii ya 2024 na 2025. Kwa hesabu hiyo, mwezi unapofika kileleni mwa safari yake juu ya Mombasa, hauwezi kuwa chini ya nyuzi 57 kutoka upeo wa macho, na mara nyingi hupita karibu na utosini. Mtu wa London hupata nyakati ambapo kilele cha mwezi ni nyuzi 10 tu, na nuru yake hulazimika kupenya hewa nene zaidi ya mara tano kuliko ile inayoshuka wima. Sisi, hata katika hali yetu mbaya zaidi, hewa hiyo ya ziada haifiki moja ya tano. Neema hii haiuzwi dukani, na nimeona ni wajibu kuitumia.

Darubini yenyewe ni ya vioo, ya mtindo wa Newton, yenye kioo kikuu cha kipenyo cha milimita 150 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye kioo hadi mahali taswira inapokusanyika, wa milimita 1200. Inakaa juu ya kitako cha Dobson, yaani sanduku la mbao lisilo na mota, ambalo huzunguka kushoto na kulia juu ya bamba lake huku bomba likiinuka na kuinama ndani yake. Kitako kilichotoka kiwandani kilikuwa cha mbao za unga ulioshindiliwa, na unyevu wa hapa ulikivimbisha kwenye kingo kabla ya msimu mmoja kwisha. Fundi seremala wa Majengo amenitengenezea kingine kwa plaiwudi ya kuundia boti, akakipaka vanishi pande zote pamoja na ndani ya matundu ya skrubu, mahali ambapo maji huanzia kuingia. Tangu hapo kinazunguka vyema bila kukwama.

Niliulizwa na mpwa wangu kwa nini sikuchukua stendi ya kiikweta, ambayo wapiga picha wengi wa anga huisifu. Jibu ni hilo hilo la latitudo. Stendi ya namna hiyo hutaka mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, mahali ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, na kwetu ncha ya kusini iko nyuzi 4 tu juu ya upeo wa macho, nyuma ya miembe na majumba. Stendi nyingi zinazouzwa haziwezi kulazwa chini kiasi hicho. Mhimili hugota, au uzito wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi. Kwa upande mwingine, kitako cha Dobson kina faida hapa ambayo sijaiona ikisemwa mara nyingi. Karibu na ikweta, mwezi unaochomoza mashariki hupanda karibu wima, kwa hiyo kwa saa kadhaa unaweza kuufuata kwa kuliinua bomba peke yake, bila kulizungusha sanduku. Ugumu huja mwezi unapokaribia utosini, ambapo mwendo mdogo wa mwezi hudai sanduku lizungushwe sana, na bomba likiwa limesimama wima mkono hauna nguvu ya kulisukuma kwa upole. Kwa sababu hiyo nimeamua kupiga picha zangu kati ya nyuzi 40 na 75, na kupumzika mwezi unapokuwa kichwani.

Kamera ni ndogo, ya aina inayotumiwa kwa sayari, yenye pikseli za mikromita 2.9. Kwa fokasi ya milimita 1200, kila pikseli huchukua nusu sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja), na juu ya mwezi, ulio umbali wa wastani wa kilomita 384,400, kipimo hicho ni karibu kilomita moja. Kioo cha milimita 150 chenyewe, kwa kanuni ya Dawes, kinaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa robo tatu ya sekunde ya tao au zaidi kidogo, sawa na kilomita moja na nusu hivi. Basi kamera na kioo vimeoana vizuri. Kinachobaki kati yetu na kilomita hiyo moja na nusu ni hewa.

Septemba 2025

Usiku wa tarehe 7 mwezi ulipatwa kikamilifu, na Mombasa ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopata kuona tukio zima, tangu kivuli cha dunia kilipoanza kuumega baada ya saa moja na robo usiku hadi ulipotoka. Sehemu ya kupatwa kikamilifu ilidumu dakika 82, na katikati yake ikawa kiasi cha saa tatu na dakika kumi na moja usiku. Majirani waliotoka msikitini kwenye sala ya kupatwa walipita uani kuchungulia, wazee wakitangulia na watoto wakifuata, kila mmoja akainama kwenye lenzi kwa zamu.

Picha za awamu ya kumegwa zilitoka vizuri, kwa kuwa sehemu iliyokuwa bado na jua ilikuwa na nuru tele. Awamu nyekundu ni habari nyingine. Mwezi ulio ndani ya kivuli huangazwa tu na nuru ya jua iliyopinda katika angahewa ya dunia, ikiwa imepoteza ubuluu wake njiani, na mng'ao wake hushuka maelfu ya mara. Kamera hudai sekunde nzima au mbili kuikusanya nuru hiyo, na katika kila sekunde moja dunia huzunguka kiasi cha kuuhamisha mwezi kwa sekunde 15 za tao, ambazo kwa kamera yangu ni pikseli 30. Kitako kisicho na mota hakiwezi kuhimili hilo, na picha zote nyekundu zina kingo zilizoburutika kuelekea upande mmoja. Hili nimeliweka kando kama tawi la pili la mradi, nami nitalirudia chini.

Kwa mwezi wa kawaida hesabu hiyo hiyo inatoa kanuni nzuri. Picha ikichukuliwa kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, mwezi huhama sehemu ndogo tu ya pikseli, na jicho halitambui. Ikichukuliwa kwa moja ya ishirini na tano, huhama zaidi ya pikseli moja, na ukali umekwisha kupotea hata kabla hewa haijafanya lake. Mwezi mpevu una nuru ya kutosha: kwa kamera ya kawaida yenye ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea nuru) na darubini ya f/8 kama hii, yaani yenye fokasi mara nane ya kipenyo chake, moja ya mia mbili ya sekunde yatosha. Mwezi wa robo, ambao watu wengi hudhani una nusu ya nuru ya mwezi mpevu, kwa kweli una sehemu moja tu ya kumi, kwa sababu jua linauangaza kwa ubavu na kila jiwe na kila bonde lina kivuli. Hapo inabidi kupandisha ISO hadi 400, au gaini, inayofanya kazi kama hiyo kwa kamera ya sayari, kuliko kurefusha muda.

Oktoba na Novemba 2025, maleleji na vuli

Upepo wa kusi umekufa na kaskazi haijaingia. Bahari imelala, na kwa siku chache anga ilikuwa safi kati ya mvua na mvua. Nilizitumia jioni za robo ya kwanza, wakati mwezi uko juu sana jua linapotua, na ambapo mpaka wa nuru na giza umekata katikati ya uso.

Napenda kueleza kwa nini mpaka huo ndio nyumba ya picha nzuri, kwa kuwa wageni wengi wa darubini huusubiri mwezi mpevu. Mwezi ukiwa mpevu, jua liko nyuma yetu na linauangaza ana kwa ana; vivuli vyote vimejificha nyuma ya vilima vyenyewe, na kinachobaki ni tofauti ya weupe na weusi wa ardhi. Miale ya Tycho, moja ya kreta, yaani mashimo ya duara ya mwezi, inapendeza wakati huo, lakini Tycho yenyewe, yenye upana wa kilomita 85, inakuwa doa jeupe. Penye mpaka jua ndilo kwanza linachomoza, na kilima cha mita mia chache hutupa kivuli cha kilomita nyingi. Clavius, iliyo kusini na yenye upana unaozidi kilomita 220, huonekana ukuta wake, sakafu yake, na ule upinde wa kreta ndogo zinazopungua ukubwa moja baada ya nyingine ndani yake.

Kipimo nilichokichagua ni Rupes Recta, ukuta ulionyooka ndani ya Mare Nubium, moja ya tambarare nyeusi za mwezi. Una urefu wa kilomita 110 hivi, nao ni mpasuko ambao upande wake wa magharibi umeshuka kwa mita 240 hadi 300 chini ya upande wa mashariki. Karibu nao, upande wa magharibi, iko kreta Birt ya kilomita 17, yenye kreta ndogo iliyobanwa kwenye ukingo wake. Siku moja au mbili baada ya robo ya kwanza, jua linaupiga ukuta kutoka mashariki, kivuli kinaangukia upande ulioshuka, na Rupes Recta huonekana mstari mweusi mwembamba kana kwamba umechorwa kwa rula. Upana wa kivuli hicho uko karibu na uwezo wa mwisho wa darubini ya milimita 150, na ndiyo sababu nimeuchagua: hewa ikiwa tulivu mstari unakatika safi tangu mwanzo hadi mwisho, na hewa ikitibuka unageuka ukungu wa kijivu.

Jioni za Novemba uligeuka ukungu wa kijivu. Nilitazama kwenye skrini ya kompyuta kwa muda mrefu bila kurekodi, ili nielewe chanzo. Ukuta wa uani ni wa matofali ya saruji, umelipokea jua la mchana kutwa, na ukiuwekea kiganja saa mbili za usiku bado una moto. Paa la mabati la nyumba ya pili hupoa mapema zaidi, ila sakafu ya saruji niliyosimamia ilikuwa na joto mpaka usiku wa manane. Juu ya ukuta wa magharibi, nyumba ya tatu, kuna mama anayekaanga viazi karai vya kuuza. Mwezi uliposhuka upande huo ukingo wake ulianza kuchemka kwenye skrini, mawimbi yakipita kutoka chini kwenda juu. Alipoondoa karai na kulifunika jiko la makaa, baada ya muda mfupi mawimbi yale ya haraka yalitoweka, yakabaki yale mapana ya polepole yanayotoka kwenye saruji. Sijawahi kuona joto la jiko likisomeka waziwazi namna hiyo.

Jambo jingine la hewa yetu linahusu chumba chenye kiyoyozi. Maelekezo ya nchi za baridi husema darubini itolewe nje mapema ili kioo kipoe. Hapa, kioo kilichotoka kwenye chumba cha kiyoyozi ni cha baridi kuliko hewa ya nje yenye unyevu mwingi, na hufunikwa na matone mara tu kinapofunuliwa, hivyo kinachohitajika ni kukingoja kipate joto. Darubini yangu inalala barazani, imefunikwa shuka la pamba, na kwa njia hiyo kioo na hewa huwa na joto linalokaribiana saa zote.

Desemba 2025

Mvua za vuli zilichukua usiku mwingi, nami nikashughulikia vioo. Adui wa kioo cha darubini pwani ni chumvi. Tabaka la alumini linalorudisha nuru ni jembamba mno, na ijapokuwa limefunikwa kwa tabaka la kulikinga, chembe za chumvi zilizolowa umande hupata njia kupitia vitundu vidogo na kulila. Kioo changu kina madoa machache yasiyofika hata upana wa punje ya mchele, upande ule uliokuwa ukielekea baharini. Nimekiosha kwa maji safi yaliyotiwa dawa, bila kusugua, na kuyaacha yatiririke. Kisha vifuniko vya pande zote mbili za bomba vikawekewa vipakiti vya kunyonya unyevu ambavyo mpwa wangu anavikusanya kutoka kwenye maboksi ya viatu. Lenzi ndogo na kamera zinakaa kwenye kopo la plastiki linalofungwa barabara, kwa kuwa kuvu hupenda lenzi kuliko chochote. Baada ya kuosha nilivilinganisha vioo viwili upya, kazi isiyochukua muda lakini isiyosamehe, kwa maana kioo kilichopinda kidogo huzifanya kreta zote ziwe na mkia upande mmoja.

Januari 2026, kaskazi

Haya ndiyo maandishi niliyokuwa nikiyangoja.

Anga la kaskazi ni safi na kavu kuliko la kusi, na jua la mchana ni kali. Niliona kwamba jioni zingekuwa zile zile za ukuta wa moto, basi nikageuza ratiba yote. Mwezi wa robo ya mwisho huchomoza kiasi cha usiku wa manane na kufika juu alfajiri. Januari robo hiyo hupita karibu na utosini mwetu. Kwa hiyo kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri uko upande wa mashariki, umepanda vya kutosha, unapanda wima, na kitako cha Dobson kinaufuata kwa kuinuliwa tu. Ukuta wa saruji umekwisha kupoa usiku kucha. Majiko yamezimwa. Upepo wa baharini umekoma, na badala yake hewa nyepesi inatoka bara kwa mwendo mmoja usiobadilika. Hewa ambayo mwezi unapitia iko juu ya Nyali na bahari, ambayo joto lake halipandi wala kushuka kwa ghafla kama la mabati.

Nilianza na fokasi. Kirungu cha fokasi cha darubini hii ni kigumu kwa vidole, na kila kikiguswa bomba linatetemeka. Nimekibana kwa kibanio cha nguo cha mbao, na mkono wa kibanio unanipa wenzo mrefu ninaoweza kuusukuma kwa ncha ya kidole kimoja. Kwa njia hiyo mwendo wa fokasi ukawa mdogo na mtetemo ukapungua sana. Nilitazama kikreta kile cha ukingoni mwa Birt kikitokea na kupotea, nikasimama pale kilipokuwa chembamba zaidi, kisha nikaondoa mkono.

Kwenye skrini Rupes Recta ulikuwa mweupe. Jua sasa liko magharibi mwa ukuta, linaupiga usoni, na ule mstari uliokuwa mweusi jioni za Novemba unang'aa alfajiri kwa urefu wake wote. Ukatulia. Palikuwa na nyakati ambapo kwa sekunde tatu au nne hakuna kilichotikisika, na niliona upande wa kusini mwa ukuta vile vilima vidogo vinavyoufunga, kila kimoja na kivuli chake. Kaskazini zaidi, Milima ya Apenini ya mwezi ilikuwa na vilele vilivyobaki katika nuru wakati mabonde yake yamekwisha kuzama gizani, na sakafu ya Plato, kreta ya kilomita 100 yenye lava iliyolala tambarare, ilikuwa inavukwa na vivuli vya meno ya ukuta wake.

Mzee mmoja mvuvi, jirani yetu, hupita njia ya nyuma kuelekea ufukweni saa hizo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo uko macho mapema kuliko mimi."

Nilimkaribisha, akatazama kwa jicho moja bila kusema neno kwa muda. Kisha akaniambia kwamba kama ninataka mwezi wa namna hii, nisihangaike na kalenda za simu. Nisikilize tu wavuvi wanaposema maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana. Ni kweli kabisa. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kwa wingi, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, wakati jua na mwezi vinavuta bahari kwa pamoja, na maji mafu hufuata robo zote mbili, wakati vinavuta kwa pembe mraba. Siku za maji mafu ndizo siku ambazo mpaka wa nuru na giza umekata katikati ya uso wa mwezi. Tangu hapo ratiba yangu ya picha imeandikwa pembezoni mwa jedwali la maji kujaa na kupwa la Kilindini.

Mwezi mzima hauingii kwenye kamera yangu kwa mara moja. Kwa fokasi hii taswira yake ina upana wa karibu milimita 11, na kitambuzi cha kamera hakifiki milimita 6, hivyo uso unagawanywa vipande vinavyopishana. Naielekeza darubini mbele kidogo ya mwezi upande wa magharibi, naiacha tuli, na mwezi unapita wenyewe mbele ya kamera kwa muda wa dakika mbili au tatu hivi wakati video inarekodiwa. Kisha nasogeza kidogo kaskazini au kusini na kungoja upite tena. Faida ya kuuacha upite ni kwamba hakuna mkono unaogusa chombo wakati wa kurekodi.

Februari 2026

Kazi ya mwezi huu imekuwa ya mezani. Kila video ina maelfu ya fremu, na nyingi kati yake zimeharibiwa na hewa kwa namna tofauti. Programu ya AutoStakkert, inayotolewa bure, hupima ukali wa kila fremu, huzipanga kutoka bora hadi duni, kisha huzipachanisha zile zilizochaguliwa kwa kuzilinganisha sehemu kwa sehemu, kwani hewa huweza kuisukuma kreta moja kushoto huku ikiisukuma ya jirani kulia. Fremu mia moja zikipachanishwa, chengachenga za kamera hupungua mara kumi, na picha huwa laini kiasi cha kuvumilia kunolewa. Kunoa nafanya kwa RegiStax, ambayo huitenga picha katika tabaka za vitu vidogo na vikubwa na kukuacha uongeze nguvu ya kila tabaka.

Hapa nina msimamo. Picha nyingi za mwezi zinazosifiwa zimenolewa kupita kiasi. Kila kreta ina pete nyeupe isiyokuwepo mwezini, na ukingo wa mwezi una mstari wa kung'aa kama waya. Pete hiyo ni hesabu ya kompyuta tu, na mtazamaji anayeisoma kama mwamba anapotoshwa. Nalinganisha kila picha na ramani zilizopigwa na chombo cha Marekani kinachouzunguka mwezi tangu 2009, Lunar Reconnaissance Orbiter, na chochote kilicho kwenye picha yangu lakini hakimo kwenye ramani nakirudisha nyuma hadi kitoweke. Picha inayobaki ni laini kidogo, na kila kilichomo kipo.

Tofauti ya jioni na alfajiri imejidhihirisha wazi katika upangaji huo. Kwa video za jioni za Novemba ilinibidi kutupa karibu zote na kubaki na fungu dogo, na hata hilo fungu halikuuonyesha mstari wa Rupes Recta ukiwa mmoja. Kwa video za alfajiri ya Januari ningeweza kutumia nusu ya fremu bila kupoteza ukali unaoonekana, nami nikachagua sehemu ya kumi iliyo bora. Darubini ni ile ile na kamera ni ile ile. Nimeyaandika haya kwa urefu kwa sababu nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja hapa Mombasa kama anunue darubini kubwa zaidi ili apate picha kali. Kabla ya kutoa fedha hizo, ningemsihi aamke mara chache saa tisa usiku katika siku za maji mafu na atazame kwa hiyo aliyo nayo. Mwezi unaopungua hupigwa picha na wachache, kwa kuwa unawataka watu wakiwa usingizini, na kwa hiyo nusu ya vivuli vya mwezi, vile vinavyoelekea mashariki, havimo katika mikusanyo ya wengi.

Lengo la robo za mwisho zijazo ni Rima Hadley, mfereji wa lava unaojipinda chini ya Apenini, ambapo wanaanga wa Apollo 15 walitua karibu nao Julai 1971. Upana wake ni kiasi cha kilomita moja na nusu, yaani mpaka wenyewe wa kioo changu. Nitatumia lenzi ya Barlow ya mara mbili, inayoongeza urefu wa fokasi maradufu, ili kila pikseli ichukue robo ya sekunde ya tao, na nitahitaji hewa kama ile ya Januari au bora zaidi.

Machi 2026

Joto la mwisho wa kaskazi limekuwa zito na mawingu ya masika yanakusanyika, kwa hiyo nimerudi kwenye lile tawi la pili, picha za mwezi mwekundu. Tarehe 31 Desemba 2028 mwezi utapatwa kikamilifu tena, na Mombasa tutauona ukichomoza ukiwa umeanza kumegwa. Katikati ya kupatwa itakuwa kiasi cha saa mbili kasoro dakika nane usiku, na wekundu utadumu zaidi ya saa moja. Nataka wakati huo niwe na chombo kinachoufuata mwezi.

Kipo chombo rahisi cha mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, ambapo mhimili wa bawaba unaelekezwa kwenye ncha ya anga na ubao wa juu unainuliwa polepole kwa skrubu. Katika nchi za kaskazini bawaba hiyo hulazimika kusimamishwa kwa mwinuko mkubwa na chombo kizima huwa kigumu kukiimarisha. Hapa kwetu bawaba inalazwa karibu sambamba na ardhi, kaskazini kwa kusini, ncha ya kusini ikiinuliwa nyuzi 4 tu, na kamera inabebwa kama kitu kilichowekwa juu ya meza. Kwa skrubu ya M6, ambayo kila mzunguko huinua milimita moja, ikizungushwa mara moja kwa dakika, skrubu hiyo iwe milimita 229 kutoka kwenye bawaba ili ifuate nyota. Mwezi huachwa nyuma na nyota, kwa kuwa wenyewe unasafiri kuelekea mashariki kiasi cha upana wake kila saa, kwa hiyo kwa ajili yake umbali huo uongezwe hadi kama milimita 237.

Nilimpelekea fundi mchoro Majengo. Aliutazama, akauliza kwa nini matundu ya skrubu ni mawili yaliyokaribiana hivyo, nami nikamweleza moja ni la nyota na la pili ni la mwezi. Akasema basi atayatoboa yote mawili kwenye kipande cha shaba badala ya mbao, kwa sababu mbao yenye matundu mawili karibu namna hiyo ingepasuka kwa chumvi na jua ndani ya mwaka. Plaiwudi imekatwa na bawaba ya shaba imepatikana. Kinachongojwa ni mota ndogo ya mzunguko mmoja kwa dakika, na chombo kitajaribiwa kwanza kwa mwezi mpevu wa kawaida, kwa picha za sekunde mbili zilizozibwa kwa kichujio cheusi, kabla ya kuaminiwa kwa jambo lolote kubwa.